BIMA YA AFYA: MLIPAJI AAMBIWE ALICHOKILIPIA

Waungwana wasomaji, na hasa ninyi wenzetu wa kalamu mnaoketi katika afisi za wilaya, za kata na za vijiji, twaomba nafasi katika kurasa hizi tuseme neno ambalo tumelizuia muda mrefu, tukidhani litasemwa na wakubwa kuliko sisi. Halikusemwa. Basi twalisema wenyewe, na kama twakosea tusahihishwe kwa hoja, maana hatuogopi kusahihishwa.

Neno lenyewe ni hili. Mtu akatwaye fedha kwa ajili ya bima ya afya ana haki ya kuambiwa, kwa lugha aijuayo na kabla hajaugua, fedha yake inamnunulia nini, atakipata wapi, na afanye nini akinyimwa. Na yule amhudumiaye, awe mganga au mwuguzi au karani wa dirishani, ana haki ya kufundishwa mambo hayo hayo. Haki hizi mbili hazijatimizwa kwetu. Zisipotimizwa, kadi ya bima ni kipande cha plastiki, na makato ya kila mwezi ni kodi isiyo na jina.

Tuanze na jambo lililotupata.

Mwenzetu mmoja, karani wa miaka mingi hapa Mazinde, ana mama mzee akaaye juu milimani. Mama huyu ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na jina lake limeandikwa katika bima ya mwanawe kama mtegemezi, kama sheria iruhusuvyo. Siku moja mwenzetu alimteremsha, wakaenda katika kituo kimoja cha tiba. Kituo hicho hatukitaji, kwa kuwa hatukusudii kumwaibisha mtu. Mganga alimpima mama kwa uangalifu, akamwandikia dawa. Walipofika dirishani wakaambiwa, "Bima haitoi hiyo." Hakuna aliyeeleza zaidi, wala mwenzetu hakuuliza zaidi. Alikwenda dukani akalipa kwa fedha zake. Mwezi wa pili akalipa tena. Mwezi wa tatu ulikuwa mwezi wa karo, fedha zikampungukia, akajiambia kwamba atanunua mshahara ukitoka. Mama alikaa majuma mawili pasipo dawa, hata asubuhi moja akaanguka jikoni.

Hakufa, twamshukuru Mungu. Lakini mkono wake wa kushoto haujarudi kama ulivyokuwa, wala hawezi tena kushika jembe. Ilikuwa baada ya msiba huo ndipo mwuguzi wa kituo kingine alipomwambia mwenzetu ukweli: dawa ile imo katika orodha ya Mfuko, siku ile ilikuwa imekwisha kituoni, wala hapakuwa na sababu nyingine. Ilimpasa apewe fomu ya kwenda kuichukua katika duka la dawa lenye mkataba na Mfuko, pasipo kutoa hata senti.

Sasa tazameni, ndugu. Aliyepatwa na haya si mtu asiyejua kusoma. Ni karani. Amekatwa mshahara tangu Mfuko ulipoanza kazi mwaka 2001, na kila mwezi ameiona tarakimu ile katika hati yake ya mshahara. Anajua kuandika barua ya kudai posho ya safari hata senti ya mwisho. Lakini haki ya mama yake hakuijua. Ikiwa karani ni hivi, mkata mkonge wa huku bondeni na mkulima wa kabichi wa huko juu watakuwaje?

Tumelichunguza neno lile "haitoi," tukaona kwamba ndani yake yamejificha maneno manne, na kila moja lina njia yake ya kutokea.

La kwanza, dawa au kipimo hakimo kabisa katika kitita cha mafao. Hapo mgonjwa aweza kumwomba mganga amwandikie kingine kilichomo, chenye kazi ile ile. Na kama hakuna, hana budi kulipa, lakini atalipa akijua kwamba hakudhulumiwa. La pili, kimo, ila kituo kimeishiwa. Hapo njia ni ile fomu ya duka la dawa. La tatu, kimo, ila si kwa ngazi ya kituo kile. Maana orodha imepangwa kwa ngazi, na si kila kitolewacho hospitali hutolewa katika zahanati. Hapo njia ni barua ya rufaa, kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, kisha hospitali ya Korogwe, na ikibidi hospitali ya Bombo kule Tanga. La nne, kadi yenyewe imefungwa: mchango haujafika, au mtoto amepita umri, au jina limeandikwa vingine. Hapo njia ni kwenda kwa mwajiri, au katika afisi ya Mfuko.

Mtu aliye dirishani akisema "haitoi" asiseme ni ipi kati ya hizo nne, amemfungia mgonjwa milango minne kwa ufunguo mmoja, na huenda mitatu kati yake ilikuwa wazi.

Tutoe mfano wa karibu. Katika vijiji vyetu viko vyama vya kufa na kuzikana, na wanachama wake wengi ni akina mama ambao hawakupita shule nyingi. Mwulizeni mmoja wao: ukifiwa na mume, chama kitakupa nini? Atajibu pasipo kufungua daftari: sanda, mbao, unga kiasi hiki, siku kadha za wenzake kumpikia, na fedha kiasi kile. Mwulizeni, na akifa mkwe? Atajibu. Na akifa mgeni aliyepanga chumba nyumbani kwako? Atajibu, na tena atawaeleza jinsi walivyolibishania jambo hilo mpaka likaamuliwa. Na asiyelipa miezi mitatu, naye apata nini? Hapo atacheka kwanza, kisha atajibu. Mama huyu hakusoma kitabu chochote cha bima, lakini bima aijua kuliko sisi tulio na vyeti, kwa sababu katika chama chake shilingi haitoki mkononi kabla maneno hayajatoka kinywani.

Mtu atasema kwamba mfuko wa taifa zima hauwezi kufanana na chama cha kijiji. Ni kweli kwa ukubwa wake. Kwa asili yake si kweli. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanya kazi mwaka 1883. Mfanya kazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Mifuko ile ilikuwa na kamati, na wafanya kazi waliwachagua wajumbe wao kuketi humo na kuangalia hesabu. Miaka michache baadaye Wajerumani hao hao walikuja kuitawala milima hii yetu. Waliuita mji wa Lushoto kwa jina la Wilhelmstal. Wakaeneza mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893. Wakajenga reli kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905. Mbegu ilipanda meli, na vyuma vya reli vilipanda meli, lakini sheria ile ya mwaka 1883 haikupandishwa kwa ajili ya Mwafrika mkata mkonge. Babu zetu walifanya kazi pasipo mfuko wala kamati.

Twayataja haya si kwa kuwalaumu wafu. Twayataja kwa kuwa yanaonyesha bima ni nini tangu mwanzo wake: ni mapatano ya watu wanaojuana kwa hesabu. Mlipaji akitengwa na hesabu, mapatano yamekwisha, yamebaki makato.

Na nchi yetu imefanya nini? Imefanya mengi, nasi hatutaki kuwa watu wasioshukuru. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure, hata uchangiaji ulipoanza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, ukawekewa sheria mwaka 2001, kwa kila shilingi ya mwanakijiji serikali iliahidi kuongeza shilingi nyingine, mpango ulioitwa "tele kwa tele." Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya: mtumishi akatwe 3 katika kila 100 za mshahara wake, mwajiri aongeze 3, na bima imfae mtumishi, mwenzi wake, na wategemezi wanne. Mwaka 2018 Mfuko wa Jamii uliboreshwa, na kaya ya watu sita katika mikoa ikatakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kisha mwezi wa Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Hiyo ni miaka 30 ya kutunga. Walakini sheria ile ya mwisho ilipopita, katika kila watu 100 wa nchi hii wenye bima ya namna yoyote walikuwa kama 15 tu. Tumesikia ikisemwa mara nyingi kwamba wananchi hawana mwamko. Twalikataa neno hilo. Mwanakijiji aliyelipa 30,000 zake, akaenda kutibiwa akaambiwa "haitoi," mwaka wa pili akakaa na fedha zake, huyo hakukosa mwamko. Amejifunza, na mwalimu wake ni lile dirisha.

Tena iko hasara iliyo kubwa zaidi ya hiyo. Bima husimama kwa wazima wengi kuwachangia wagonjwa wachache, kila mmoja akijua kwamba zamu yake yaja. Asiyeelezwa hayo hujiunga siku anapougua. Chukueni mpango wa Toto Afya Kadi, ulioandikisha watoto mmoja mmoja kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 uandikishaji wa namna ile ulisimamishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, hata matumizi yakashinda michango. Hesabu hiyo hatuibishi. Twauliza tu: ni katika mkutano gani wa kijiji mzazi alielezwa kwamba mtoto mzima ndiye amlipiaye mtoto mgonjwa? Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuvunja mapatano ambayo hakusomewa.

Kadhalika tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya na bei mpya vilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilikataa kuwapokea wagonjwa wa Mfuko, zikidai kwamba bei zile hazitoshi. Mfuko ulikuwa na hoja zake na hospitali zilikuwa na zake, nasi si waamuzi wa shauri hilo. Lakini wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, na nyasi ni mwenye kadi. Wako waliopata habari ile mlangoni pa hospitali, wamemshika mgonjwa mkono. Jirani zetu wa Kenya nao waliyaona. Mfuko wao uliodumu tangu mwaka 1966 uliondolewa tarehe 1 Oktoba 2024, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mwenye mshahara akatwe 2.75 katika kila 100. Huenda mabadiliko yale yana faida zake. Lakini katika majuma ya kwanza wagonjwa wengi walihangaika madirishani, na waliokuwa ndani ya madirisha walihangaika pia.

Hapo tumefika upande wa pili wa shauri letu, upande wa watoa tiba. Si haki kumlaumu mwuguzi kana kwamba yeye ndiye aliyeficha orodha kabatini. Mwuguzi wa zahanati ya kijiji hupima, huchoma sindano, huzalisha, hupokea chanjo, na jua likitua huketi kujaza fomu za madai. Fomu ikikosa sahihi, au namba ya kadi ikikosewa, au ugonjwa ulioandikwa usipolingana na dawa iliyotolewa, dai hukatwa au hurudishwa. Kila dai lililokatwa ni dawa iliyokwisha kumezwa na mgonjwa ambayo zahanati haitalipwa. Zahanati isiyolipwa hainunui dawa nyingine. Basi mwezi ufuatao yuaja mgonjwa mwingine, kabati ni tupu, naye aambiwa "haitoi." Ndivyo kosa dogo la kalamu juu ya meza linavyoteremka mpaka likawa mkono wa mama usioshika jembe.

Wenzetu makarani, methali yetu yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila walioshikishwa hawakufundishwa kuliandika, na ambao mali ni yao hawakuonyeshwa.

Twajua majibu yatakayotolewa, nasi twataka kuyajibu kabla hayajafika.

Watasema: habari zote zimo katika mtandao, na asiyejua aende afisini akaulize. Twajibu: bibi wa miaka 70 wa huko milimani hana simu ya kufungulia mtandao, na hata angekuwa nayo, majina ya dawa katika orodha zile yameandikwa kwa lugha ya waganga. Ama afisi, iko mjini. Na nauli ya kuifuata na kurudi yaweza kushinda bei ya dawa yenyewe. Habari iliyowekwa mahali asipoweza kufika mwenye haja nayo haijatolewa bado.

Watasema: watu wakiijua orodha watadai kila kitu, Mfuko utafilisika. Twajibu: kudai ulichokilipia si wizi. Mlaghai anayeghushi fomu ameijua orodha siku nyingi, tena aijua kuliko mganga. Kumficha mwaminifu hakumzuii mlaghai. Na mtu akielezwa kisichomo ataacha kukidai, wala hatagombana dirishani.

Watasema: orodha hubadilika mara kwa mara, haifai kubandikwa. Twajibu: nauli za mabasi nazo hubadilika, na abiria hutangaziwa. Karatasi iandikwe tarehe. Ikibadilika ibanduliwe, ibandikwe nyingine. Kazi hiyo ni ya gundi na dakika tano.

Basi twataka nini? Mtu akilalamika pasipo kusema atakalo, amepiga kelele tu. Sisi twataka mambo matano.

Kwanza, karatasi moja kwa Kiswahili safi, kwa herufi kubwa, ibandikwe katika ukuta wa kila zahanati na kila kituo, mahali ambapo wagonjwa huketi kungoja. Iseme: hapa bima hulipa haya, haya hulipwa kwa rufaa, na rufaa ni kwenda mahali fulani, haya hayalipwi. Iwataje pia wale ambao Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliagiza wasitozwe, yaani wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Hao wengi wao hawajui kwamba waliwahi kutajwa mahali popote.

Pili, yeyote anyimwaye kitu kwa sababu ya bima apewe kipande cha karatasi chenye moja ya yale maneno manne: hakimo, kimekwisha, si ngazi hii, kadi imefungwa. Atie sahihi aliyekataa. Neno lililoandikwa lina mwenyewe. Neno la dirishani halina mwenyewe. Naamini hapana mganga mwema atakayeogopa sahihi yake, na hapana Mfuko mwema utakaoogopa kujua ni mara ngapi dawa zilikwisha.

Tatu, wajazao fomu za madai wafundishwe kwa utaratibu, si kwa semina moja ya wakubwa mjini. Dai likikatwa, sababu irudi kituoni kwa maneno ya kueleweka, nayo isomwe mbele ya wote wajazao, ili kosa la mwezi huu lisiwe la mwezi ujao. Na kamati za usimamizi wa vituo, ambazo ndani yake wamo wanakijiji, zielezwe kila robo ya mwaka fedha kiasi gani za bima zimedaiwa, kiasi gani zimelipwa, na kiasi gani zimekatwa kwa makosa. Hilo ndilo walilolifanya wafanya kazi wa Ujerumani miaka mingi iliyopita, nasi hatuoni kwa nini liwe gumu kwetu.

Nne, kabla mwanakijiji hajatakiwa kutoa mchango chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwa kiwango chochote kitakachowekwa, asomewe katika mkutano wa hadhara atakachopata na asichopata. Huko milimani asomewe na kufasiriwa kwa Kishambaa pia, maana wako wazee ambao Kiswahili cha afisini huwapita kama upepo. Na aelezwe ile siri ya bima kwamba mzima humlipia mgonjwa. Tuna hakika wataielewa upesi, kwa kuwa katika vyama vyao vya kuzikana wameiishi siku zote.

Tano, kitita au bei au kituo kikibadilika, mwenye kadi ajue kabla ya siku ya mabadiliko, wala si siku ya ugonjwa. Sisi tukikatwa fedha hatukatwi kwa kushtukizwa. Tarehe ya makato yajulikana daima.

Hayo ni yale tunayoyataka kwa wengine. Lakini tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo, na kalamu hii isiwaguse walioishika.

Ni katika mkoa huu huu wa Tanga, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenziwe walipokianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Walikuwa makarani kama sisi. Hawakuwa na amri wala fedha nyingi; walichokuwa nacho ni kusoma, kuandika, na kukaa pamoja. Tumerithi meza zao. Je, tumerithi na kazi yao? Ni nani aandikaye orodha ya kaya kijijini? Ni sisi. Ni nani apelekaye michango, atiaye muhuri barua ya rufaa, apokeaye waraka kutoka makao makuu na kuuweka katika jalada? Ni sisi. Waraka ukilala katika jalada letu, tusiseme kwamba serikali imeficha. Tumeficha sisi, kwa uvivu, na labda kwa kiburi kidogo cha mtu ajuaye mbele ya wasiojua.

Mwenzetu yule, mwana wa mama aliyeanguka, alitukabidhi neno hili tuliandike. Alisema: "Mliandike, lakini msinifanye kuwa mtu wa kuhurumiwa. Mimi nilisimama dirishani nikiwa na kalamu mfukoni, na sikuuliza 'kwa nini.'" Tulinyamaza, maana kila mmoja wetu alijua kwamba angefanya vile vile. Tumezoea kuulizwa maswali dirishani, kuuliza hatukuzoea.

Kwa hiyo sisi wa Mazinde tumepatana hivi, na twawaalika wenzetu wa Mombo, Korogwe, Soni na Lushoto wafanye kama sisi. Kila mwanachama atajifunza kadi yake mwenyewe, yaani ni akina nani wamo, ni vituo gani, na afisi gani ya kulalamikia. Kila mwanachama atawaeleza watu wa nyumba kumi za jirani zake, awe ana bima au hana. Tena mmoja wetu atakwenda kila mwezi katika zahanati iliyo karibu, si kukagua, maana hatuna amri hiyo, bali kumsaidia mwuguzi kusahihisha majina na namba katika fomu, kama mwuguzi mwenyewe atapenda na siri ya ugonjwa wa mtu ikilindwa. Na tangu sasa hapana mmoja wetu atakayeondoka dirishani kwa neno "haitoi" pasipo kuuliza, kwa adabu, ni lipi katika yale manne.

Hayo hayahitaji kibali cha mtu. Yale matano ya juu yanahitaji, nayo tumeyaandika katika barua na kuyapeleka kwa wanaohusika. Jibu likija tutalichapa katika kurasa hizi, liwe zuri au baya. Lisipokuja, tutachapa barua yenyewe kila toleo, pamoja na hesabu ya miezi iliyopita.

Mama yule yungali hai, juu kule milimani. Dawa yake sasa aipata kila mwezi, kwa kadi ile ile, kwa makato yale yale. Hakuna shilingi iliyoongezwa ili aipate. Kilichoongezwa ni maelezo ya mwuguzi mmoja, yaliyochukua muda usiofika robo saa.

Sisi watumishi wa kalamu,
Mazinde.